Seli Nane za Bi Kipimo

Jumatatu, 6 Oktoba
Bosi ametangaza! Nafasi ya mkuu wa karakana ya vigeuzi itakwenda kwa yule ambaye kigeuzi chake kitahimili shoti siku ya Ijumaa. Tumebaki wawili: mimi na Bi Kipimo, anayeitwa hivyo kwa sababu hupima kila kitu mara mbili, hata sukari ya chai. Sina wasiwasi. Ila kuna jambo dogo. Mama mkwe nilishamwambia mwezi uliopita kwamba nafasi nimeipata. Yuko kwetu sasa hivi. Ananiita Mkuu, na ameniletea tai.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimejaribu kigeuzi changu kimyakimya. Pu! Fyuzi tatu kwa mpigo.
Sababu naijua. Kigeuzi ni safu ya seli, visanduku vyenye kapasita ndani, vinavyougeuza umeme wa kawaida kuwa mkondo mnyoofu unaoweza kusafiri mbali. Seli nusu ni za bei nafuu na hazipotezi umeme mwingi, lakini laini ikipiga shoti zinauachia mkondo upite zake. Seli kamili ni ghali na zinakula umeme, lakini zinaukaba mkondo papo hapo. Ndiyo maana siku hizi tunazichanganya, na ujuzi wote uko kwenye kiasi. Mimi nilijibana, nikaweka kamili nne. Bi Kipimo ameweka kumi na mbili. Mroho! Na stoo hakuna nyingine.

Jumatano, 8 Oktoba
Wazo! Seli kwa nje zinafanana, tofauti ni kibandiko tu. Bi Kipimo alishapima kigeuzi chake jana, mara mbili, akakifunika kwa kitambaa. Leo kaomba ruhusa ampeleke mwanawe kliniki. Mungu ni mwema.
Saa ya chakula nimechomoa seli zake kamili nane, nikampachikia nusu zangu nane, nikahamisha na vibandiko. Dakika kumi na tisa! Ya saba ilinirusha hadi kabatini. Kapasita hushika chaji hata umeme ukizimwa. Najua! Somo hilo nawafundisha wageni mimi mwenyewe kila mwezi. Fundi wa zamu akauliza mbona nywele zimesimama. Nikasema upepo. Karakana haina dirisha.
Nyumbani mke wangu akauliza mbona nashika kijiko kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia wakuu ndivyo wanavyokula.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimejaribu tena. Shoti ikaja, mkondo ukakatika, kimya. Raha iliyoje! Bi Kipimo amenishukuru kwa kumwangalizia karakana. Mtoto hajambo sasa. Nikamwambia asijali, sisi ni ndugu.
Jioni nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya mama mkwe. Amelia.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mkosi! Bosi kaingia na wageni saa nne, akasema laini ina ncha mbili, kwa hiyo vigeuzi vyetu vitaunganishwa, kimoja huku kimoja kule, na shoti itapigwa katikati. Sawa. Kisha akaongeza kwamba mtu hajisahihishii mtihani wake: kila mmoja atasimamia kigeuzi cha mwenzake.
Nikisema kweli, cheo basi. Nikinyamaza, nyusi basi. Nikanyamaza.
Nikavaa miwani ya kujikinga, na nyingine juu yake. Nikachukua fagio, nikajibanza nyuma ya kabati, nikaanza kukitafuta kitufe cha kuwashia kwa mpini. Nikakikosa. Nikakikosa tena.
Bi Kipimo akasema ngoja kwanza. Akauliza mbona nakiogopa kigeuzi chake hivyo. Nikasema nina mafua. Akazima kila kitu, akasubiri kapasita zitoe chaji, akafungua, akapima. Mara mbili. Akahesabu kwa sauti hadi nane. Halafu akaniambia kwamba siku zote yeye husimama hapo hapo, hatua moja kutoka kwenye zile seli.
Niliona aibu. Kwa dakika nzima, nadhani.

Jumatatu, 13 Oktoba
Bi Kipimo ndiye mkuu. Mimi wamenihamishia uani, kufuta vumbi kwenye vihami vya kaure, vile vikombe vinavyoshikilia nyaya, mia nne na kumi kwa hesabu yangu. Mama mkwe nimemwambia nimepanda tena: naongoza ua mzima. Kesho anakuja kuniona kazini. Nimemsihi mlinzi anipigie saluti.
Nimetafakari sana, nimejichunguza bila kujihurumia, na kosa nimeliona. Lilikuwa fagio. Mpini mfupi mno! Angalia hili walilonipa huku uani: mpini mita tatu. Ningekuwa nalo Ijumaa, ningekibonyeza kile kitufe mara ya kwanza, na leo ningekuwa mkuu.