Peugeot Inayokunywa Maembe

Jumatatu, 17 Februari 1997
Vikwazo vya nchi jirani vimekausha pampu zote za mafuta za Bujumbura. Peugeot yangu imelala uani tangu mwaka jana. Kuku wanataga ndani yake. Na Jumapili Lubna anaolewa! Siku tulipomzika baba yake, mdogo wangu, niliahidi mbele ya watu: huyu atakwenda kwa mumewe ndani ya gari langu. Leo nimepita sokoni. Vilima vya maembe yaliyooza na maganda ya ndizi, vikitoa povu kana kwamba viko hai. Nilisimama kwa mshangao. Kinachochacha hutoa spiriti, na spiriti huwaka. Jua lote la msimu limelala jalalani! Nimejaza pipa.

Jumatano, 19 Februari
Pipa linanong'ona. Nikitega sikio nasikia kama umati unaosali kwa sauti ya chini. Shakuru, fundi wa gereji ya jirani, amechungulia juu ya ukuta. "Mwalimu, motokari yako itakula maganda? Basi uifunge kamba, ni mbuzi iyo!" Gereji nzima ilicheka. Mwenye elimu hajibizani na mwenye spana.

Jumamosi, 22 Februari
Nilikosa chombo cha kuchemshia. Kumbe kimo stoo! Sufuria la pilau la mtaa. Bi Mwanasiti hulitunza kwa ajili ya harusi zote, naye amelileta mapema. Nililifunika, nikaziba kwa unga uliokandwa, nikapitisha mvuke kwenye bomba la shaba ndani ya maji baridi. Tone la kwanza nililiwasha kijikoni. Mwali wa buluu, usio na moshi, karibu hauonekani. Subhanallah! Nililia. Mke wangu Zubeda anadai ni mvuke. Si kweli.
Nilichemsha tena ili kuikoleza spiriti. Dumu zima! Peugeot ikakohoa, ikatikisa mayai, ikaunguruma. Harufu ya embe bivu barabarani. Shakuru alivua kofia.

Jumapili, 23 Februari
Msiba. Akina mama walikuja alfajiri kupika. Bi Mwanasiti alinusa sufuria. "Mwalimu! Umepika pombe mu sufuria ya pilau?" Nilieleza kwamba hicho si kinywaji, ni mafuta ya gari. Akasema basi pilau ipewe Peugeot. Nilijitolea kulisugua mara saba. Akasema hata mara sabini, hakuna Mwislamu wa mtaa wetu wa Buyenzi atakayekula humo.
Sufuria jingine liko kwa dada yake, kule Ruziba, nje ya mji. Nani ana gari lenye mafuta? Mimi! Tulikwenda, yeye nyuma, ameziba pua. Watu walisimama kando ya barabara wakitazama gari linalonukia matunda. Kwenye kizuizi cha barabarani wanajeshi waliniuliza nimelewa nini. Mimi, niliyeswalisha tarawehe! Bi Mwanasiti aliapa kwamba mlevi ni gari.
Tukiingia Buyenzi, dumu likaisha. Shakuru alitoka gereji akasukuma, sufuria juu ya paa. Pilau ilikuwa tamu.
Lubna alikwenda kwa mumewe kwa miguu, mitaa miwili, katikati ya vigelegele. Alinibusu mkono, akasema, "Baba mukubwa, apana kuhuzunika, ni hapa tu." Nilitazama pembeni.

Jumatatu, 24 Februari
Nimetafakari kosa langu. Ni la ujazo tu. Sufuria la Ruziba ni kubwa zaidi, na kitako chake ni kinene. Bi Mwanasiti atalichukua kesho. Shakuru ameleta maganda ya mananasi, gunia juu ya gunia.
Zubeda ameuliza ninafanya nini stoo. Nimemjibu kwamba ninaliosha sufuria.