Viazi vya Mheshimiwa

Siku mgombea ubunge Cheruto alipozomewa kule Keringet, mtu mmoja tu uwanjani alitabasamu, naye ni Kigen. Cheruto alikuwa akieleza, kwa upole wa mwalimu, kwamba bei ya unga ni ya soko kupanga na serikali ikiingilia itaharibu. Watu waliouza kuku wapate kununua unga hawakutaka somo. Walimzomea hadi akashuka jukwaani.

Kigen, aliyewahi kuuza ploti moja ya Kiamunyi kwa makanisa mawili, alimwahi mlangoni mwa gari.

"Mheshimiwa, mimi ni mshauri wa kampeni," alisema, na kwa kuwa alisema, akawa. "Watu wana njaa. Waambie utapanga bei."

"Nimehubiri soko huria miaka yote. Nitaonekana aje?"

"Utaonekana mbunge."

Imani ya Cheruto ilikuwa imestahimili vitabu vinene vya chuo kikuu. Neno hilo moja liliimaliza.

Wakakubaliana. Jumamosi, kule Olenguruone kwa wakulima wa viazi, Cheruto angetangaza bei maalumu ya viazi, kisha anunue vya wakulima mbele ya kamera kwa mara mbili ya bei ya madalali. Kigen aliandika hotuba iliyowachambua madalali hadi mifupa. Halafu akaweka rehani pikipiki yake, akakodi lori kwa mkopo, akazunguka mashambani kununua viazi ili amuuzie mheshimiwa.

"Mbona bei iko chini hivi?" aliuliza Jebet, mkulima aliyekuwa na watoto wa kurudisha shule.

"Mathe, mimi sipangi bei. Soko ndiyo inapanga."

Jebet akamwangalia, akauza.

Jumamosi lori lilisimama mbele ya jukwaa, likiwa limejaa pomoni. Cheruto alisoma hotuba vizuri, watu wakashangilia. Ikabaki sehemu ya kununua. Hapo akakunja karatasi.

"Asubuhi nimekunywa chai kwa mama Jebet," alisema. "Ameniambia kuna dalali amepita hapa akiwanyonya. Lori yake ndiyo ile. Sasa mnataka nimtajirishe? Chukueni viazi vyenu."

Kigen alipanda juu ya magunia. "Ngojeni, watu wangu. Nililipa, na muuzaji alikubali kwa hiari yake. Bei inatokana na mahitaji..." Alieleza soko huria kwa ufasaha ambao Cheruto hakuwahi kuufikia, na akazomewa kwa kiwango hicho hicho. Magunia yalikuwa yakiondoka chini ya miguu yake huku akiendelea kueleza.

Jebet alimpitia akivuta gunia. "Boss, mimi si mwizi," alisema. "Nimechukua gunia zangu, na hii moja ni ya usumbufu."

Lori lilipobaki na vumbi tu, gari la Cheruto lilisimama kando ya Kigen. Kioo kikashuka.

"Hotuba ilikuwa tamu," alisema. "Wiki ijayo niko na wenye mashamba makubwa. Hao hawataki kusikia bei ya serikali. Niandikie moja ya soko huria, kama hiyo yako ya juu ya lori."

Kigen alitaka kumtukana. Lakini kwa mbali alimwona dereva wa lori akija, amekunja mikono ya shati, akiuliza kila mtu ni nani atakayemlipa. Akafungua mlango wa gari la mheshimiwa, akaingia, akaomba kalamu.