Alichosema Maiti

Jumatatu, 15 Oktoba 2007

Awuor wangu,

Habari mbaya. Kipindi chetu cha televisheni kinafutwa. Sista Chelagat alitusomea gazeti wakati wa uji. Ati vichekesho vya wodi ya wazee havina watazamaji, ati si vizuri kuchekea wazee wanaokufa. Nani aliwauliza wazee? Sisi hapa nyumba ya wazee tulikuwa tunacheka mpaka tunatafuta meno chini ya viti!

Habari njema. Ijumaa saa kumi alasiri watarudia ile sehemu waliyoirekodi hapa kwetu Februari, halafu basi. Utaonekana! Sekunde kumi na moja. Uko kitandani, kitambaa cha kijani kichwani, unacheka. Picha zako zote nilizo nazo umenuna kama uko kwa chifu kuchukua kitambulisho. Hakuna nyingine unayocheka.

Habari mbaya tena. Kitanda cha pili kuna Hardeep Singh.

Unakumbuka walivyogeuza ukumbi wa chakula kuwa wodi, wakatafuta mzee wa kuwa maiti. Nilivaa koti la harusi. Nikachana nywele. Nikasimama mlangoni tangu saa mbili. Wakamchukua Singh! Ati ana ndevu nzuri. Mtu wa kufunikwa shuka, ndevu za nini? Na huko chini ya shuka akakunong'oneza kitu, nawe ukacheka, na bwana wa kamera akapenda, akaacha hivyo hivyo.

Nilikuuliza jioni. Ukasema, "Ah, Ogada, kunywa chai." Nikaona nitakuuliza siku nyingine. Aprili ukaenda, tukakuzika.

Singh nimemuuliza miezi sita. Jibu ni moja: "Boss, maiti hasemi."

Jumatano, 17 Oktoba

Awuor, nimefanya ujinga.

Ijumaa saa kumi kuna mkutano wa kampeni, utaonyeshwa moja kwa moja stesheni nyingine. Mzee Nicodemus anautaka. Tangu mwezi wa nane hataki kitu kingine. Sista akasema basi, tupige kura kwa mikono.

Nilikuwa nimejiandaa. Shosho Wanjugu nilimpa mandazi yangu ya Jumapili, yote mawili. Mzee Owino nilimkata kucha za miguu. (Kazi ya jembe, ile.) Nilihesabu: sisi sita, wao watano. Tumeshinda!

Sista akaita wanaotaka vichekesho. Nikainua mkono. Wanjugu akainua. Owino akainua. Halafu nikaona mkono wa Singh, juu kuliko yote, bangili ya chuma inang'aa, ndevu zimepakwa mafuta. Anataka kujiona! Anataka kulala tena karibu nawe mbele ya ukumbi mzima!

Mkono wangu ulishuka wenyewe mpaka shingoni. Sikuutuma.

Sista akaita wanaotaka mkutano. Mimi bado nilikuwa nakuna shingo kwa mkono uleule. Ukahesabiwa.

Tumeshindwa kwa kura moja. Wanjugu anadai mandazi mengine, kwa kuhangaishwa. Owino haongei nami, na kucha hazirudi.

Ijumaa, 19 Oktoba, saa nane

Nimepata njia! Televisheni hii haina vifungo, viling'oka zamani. Bila rimoti haibadiliki. Na Nicodemus, aliyekuwa katekista, huombea chakula mpaka ugali unapoa. Macho yote hufungwa.

Leo asubuhi nilimwambia Sista atuwekee stesheni yetu, ati kuna habari za mvua. Akaweka. Saa saba Nicodemus akasimama kuomba. Alipofika kwa wagonjwa wa dunia nzima nilikuwa nimeshafika kwenye rimoti. Alipofika kwa mayatima betri zilikuwa mfukoni mwangu. "Amina!" nilisema, kwa sauti kuliko wote. Singh alinitazama kwa jicho moja. Sijui hilo jicho lilifunguka saa ngapi.

Nilivyokaa kwa haraka nikajimwagia supu. Sista Chelagat akanivua suruali kama mtoto na kuitupa kwenye karai la maji. Nilipokumbuka betri, zilikuwa zimeshaoga na sabuni.

Si neno. Stesheni ni yetu. Nangoja.

Ijumaa, saa kumi na moja

Awuor, nimekuona.

Ngoja, nianze mwanzo. Nicodemus aligongagonga rimoti kwenye paja, "Haishiki! Haishiki!" Mimi nikatazama dari. Kipindi kikaanza. Daktari akaingia, mdomo unaenda. Hakuna sauti!

Kumbe Sista huzima sauti wakati wa sala, kwa rimoti. Nami niliiba betri katikati ya sala, na baada ya Amina yeye alishughulika na suruali yangu. Nimeishi hapa miaka miwili, sala tatu kwa siku, na hilo sikulikumbuka.

Ukatokea. Kitambaa cha kijani. Shuka ikatikisika kando yako, ukacheka, bega linaruka vile linavyoruka. Kimya kabisa. Sekunde kumi na moja. Ukumbi wote ulisogeza viti mbele, hata Nicodemus.

Wanjugu ndiye aliyeanza. "We Singh, si utuambie ulimwambia nini? Ama tufe bila kujua?"

Singh alivuta ndevu. Akasema, "Nilimwambia hivi: Mathe, yule mzee mlangoni ni wako? Tangu asubuhi anachana nywele, na nywele hana."

Walicheka, Awuor! Owino alikohoa mpaka akagongwa mgongo. Nilisubiri wamalize. Nikamuuliza kama ulijibu.

"Alijibu," akasema. "Ni wangu. Mwache achane."

Nilitoka nje, nikasimama kidogo. Vumbi la ziwani lilikuwa linapuliza, mtu yeyote angetokwa machozi. Singh akanifuata. Nikamuuliza kwa nini alininyima miezi yote hiyo. Akatazama viatu vyake. Akasema tangu uende nilikuwa siongei na mtu yeyote, ila yeye nilimjia kila asubuhi na swali. Angejibu, ningeacha kuja. "Na mimi nani ananiongelesha hapa, bana?"

Nikamshika mkono. Nimeona makosa yangu. Wivu nimeuacha leo, rasmi.

Jumamosi, 20 Oktoba

Awuor, nimefikiri.

Maneno yale yanachukua sekunde nne. Nimeyasema polepole, nikahesabu. Wewe ulicheka kumi na moja. Hizo saba ni za nini? Kuna kitu kingine alichokwambia!

Nimemuuliza wakati wa uji. Amepangusa ndevu. "Boss, maiti hasemi."

Haya. Redio yake inatumia betri. Na saa saba Nicodemus ataomba.

Wewe huko unikumbuke tu. Nimechana nywele.