Zamu ya Wingu

Jumatatu, 17 Novemba

Kikundi chetu cha kukausha dagaa hapa Kibirizi kinatafuta msimamizi. Mwenyekiti, Mama Capitoline, ametangaza kwamba Jumamosi atachaguliwa mtu anayejua wajibu. Mimi huyo! Mwenzetu Erasto naye anautaka usimamizi. Erasto, ambaye hajui neno hata moja la Kiingereza lenye uzito!

Nimenunua kitabu. Kina ukurasa mzima wa maneno ya wajibu na lawama. Nimeanza na "responsibility". Silabi sita! Nikamwambia mke wangu Melania kwamba amelala na mtu wa responsibility miaka kumi na moja bila kujua. Akauliza kama mtu huyo anajua kuchota maji.

Jumanne, 18 Novemba

Balaa! Leo nilikuwa zamu ya wingu. Unakaa juu ya jiwe, unatazama ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, wingu likija unapiga debe, watu wakimbie kufunika dagaa kwa turubai. Kazi ya kijinga. Nikajibanza nyuma ya banda na kitabu changu, nikawa nakariri "duty", yaani wajibu. Nilipofika mara ya arobaini, mvua ikanipiga kisogoni.

Debe nililipiga, mtu asiseme sikulipiga. Lakini dagaa wa watu kumi na wanne walikuwa wameshaanza kuogelea upya.

Sheria yetu haina huruma. Aliyezembea zamu ananyang'anywa kichanja cha kuanikia. Changu aliniachia marehemu mama, kinapata jua kutwa nzima. Bila hicho sina kazi hapa Kibirizi. Naogopa, nasema kweli.

Jumatano, 19 Novemba

Nimepata dawa. Niwahi kushtaki kabla sijashtakiwa! Nimeandika barua ya kurasa mbili, Kiingereza kitupu, dhidi ya Erasto. Nimemwita "negligent". Nimemwita "culpable", mwenye hatia. "Liable" nimeiweka mara tatu. Kosa lake sikulitaja, nafasi ilikuwa imeisha.

Mama Capitoline alitoka Burundi zamani. Ana Kirundi, ana Kiswahili, ana Kifaransa cha kutosha kugombana. Kiingereza hana. Ataona uzito wa barua, basi, Erasto kwisha habari yake. Melania anasema mwenye hatia huwa na maneno mengi. Wivu tu.

Jumamosi, 22 Novemba

Mkutano. Mama Capitoline aliipokea barua kwa mikono miwili, akaitazama, akanirudishia. Akasema Nikodemu ametuletea mambo mazito, basi apite mbele atufafanulie neno kwa neno. Nafasi yangu hiyo! Nikapanda juu ya kreti.

Diana, ambaye dagaa wake wote waliloa Jumanne, aliuliza "negligent" ni mtu gani. Nikamjibu ni mtu aliyepewa kazi akaiacha. Akaomba mfano. Nikasema, kwa mfano, mtu yuko zamu, yeye kajificha kivulini. Watu wakatazamana. Nikajua nimewashika. Nikaendelea: "liable" ni yule anayepaswa kubeba lawama wenzake wakipata hasara, hata kama alikuwa anasoma. Hilo la kusoma sijui lilinitokaje.

Erasto ndiye aliyeanza kupiga makofi. Akasema tangu azaliwe hajaona mtu anayejishtaki kwa ufasaha namna ile. Mama Capitoline akashika kichwa, akaapa kwa aliyempa ng'ombe, "Yampaye inka!", na anapotumia Kirundi ujue mambo yameharibika.

Erasto amekuwa msimamizi. Wote walinyoosha mikono, na mkono wangu nao ulinyooka, sijui kwa nini. Mimi wamenihurumia kwa sababu eti nimekiri mwenyewe. Nitakaa zamu ya wingu wiki mbili mfululizo. Nikizembea hata mara moja, kichanja cha mama kinakwenda kwa Erasto. Nilirudi nyumbani machozi yananilenga. Melania alinipa chai, akaniambia kwa upole nikae tu juu ya jiwe nitazame juu, kazi hiyo hata mbuzi anaiweza.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimetafakari siku mbili, nimegundua kosa langu liko wapi. Barua ilikuwa fupi mno!

Niko juu ya jiwe tangu asubuhi, debe liko miguuni, naandika nyingine ya kurasa sita. Namshtaki Erasto kwa kupiga makofi. Namshtaki Mama Capitoline kwa kuniuliza maana. Melania naye yumo, kwa habari ya mbuzi. Nimepata na neno jipya la kuwajibika, "accountability". Hili likitua mezani hapatasemwa kitu.

Nimefika ukurasa wa nne. Upepo umekuwa msumbufu, nimeinamia karatasi zisiruke. Tone limeanguka juu ya jina la Erasto. Jingine juu ya langu. Huko chini wanawake wanapiga mayowe, sijui wana nini, watu hawa hawajui mtu akiwa kazini.

Na yule pale ni Erasto! Anakimbia na turubai, anafunika kichanja changu kana kwamba ni chake tayari! Nimemwona kwa macho yangu mawili. Hilo linaingia ukurasa wa tano.