Mayai Kumi na Matatu ya Shungi

Makambako, Jumatatu, 4 Julai 1994

Siku ya kumi na nane! Bado tatu. Mayai yamo kwenye kasha alilonitengenezea mume wangu Festo. Mbao, bati chini, taa ya chemli chini ya bati. Ubavuni katoboa matundu sita. Kabla hajaenda Njombe kufuata mbao kasema, "Mke wangu, matundu haya usiyaguse." Nikasema sawa. Julai hii, upepo huu, mtu anaacha matundu! Wanaume.

Mayai ni ya Shungi. Mama alipofariki mwaka jana, kule kwetu Uwemba, aliniachia vitu viwili: sanduku la bati na kuku huyu. Shungi kazeeka. Haya huenda ndiyo ya mwisho. Ndiyo maana sikumwachia ayaatamie. Akifa juu yake, je? Kasha halizeeki.

Shungi hakuelewa. Yuko jikoni, kaatamia viazi viwili. Siku ya kumi na nane naye.

Jumatano, 6 Julai

Jirani yangu Hajira, muuza mitumba, kaja kuchungulia. Kaona viazi. Kacheka mpaka kilemba kikamdondoka.

"Mama Germana, kuku ana mbawa. Hilo kasha lako lina nini?"

Nikasema lina taa.

"Na watoto wakilia, taa itawaitikia?"

Nikamjibu hizi ni zama za soko huria, hata kuku lazima apate mshindani. Alitaka kunijibu, kicheko hakikumruhusu.

Alipoondoka nikaweka yai sikioni. Linagonga! Machozi yakanilenga. Nimemkumbuka mama, jiko lake, moshi wa kuni za miwati. Sisi watoto mstari, kila mmoja na yai lake sikioni. Kifaranga akitoka, mama alimwamkia Kibena, "Kamwene," kama mgeni aliyetoka mbali. Nilikuwa nikidhani kila nyumba huamkia vifaranga. Nimekuja kugundua huku kwa mume. Walinishangaa.

Alhamisi, 7 Julai

Kumi na mmoja! Mayai mawili tu ndiyo viza. Nimewaamkia mmoja mmoja hadi sauti ikakauka. Germana kapiga makofi mgongoni kwangu. Mama, ungewaona!

Jioni. Baridi imeshuka, maji ya ndoo yanauma meno. Germana nimemvika sweta mbili, kofia na shali. Halafu hawa kumi na mmoja, kifuani wana pamba tu, wapulizwe na matundu sita! Mama gani angevumilia? Nimeziba. Soksi za Germana, kila tundu moja. Blanketi juu. Festo hatajua.

Ijumaa, 8 Julai

Kumi wamekufa.

Nimeandika hivyo asubuhi, nikaweka kalamu chini mpaka sasa.

Nilifunua blanketi, nikasema kamwene. Kimya. Wamelaliana kama waliochoka na safari. Mmoja tu alikuwa hai, kajibanza kwenye tundu la kona. Soksi ya hapo ilikuwa imedondoka. Mdomo wazi, anahema.

Nilivyolia, Hajira alikuja mbio na unga mikononi. Hakucheka. Kaketi sakafuni, kampakata Germana. Kasema taratibu, "Dada, wamekosa hewa." Kisha kamchukua yule mmoja, kamsogeza kwa Shungi. Mimi nikafumba macho. Kuku mzee, kifaranga asiyemjua, si atamdonoa?

Shungi kasukuma viazi kwa mguu. Kainua ubawa. Kifaranga kaingia. Basi.

Shungi katoa sauti ileile ya jikoni kwa mama. Kwok, kwok, ya chinichini. Mwaka mzima sikuisikia.

Jumapili, 10 Julai

Nimetoka kanisani nikamkuta Festo karudi. Kaangalia kasha. Kaangalia soksi matunduni. Nikangoja maneno. Kazichomoa, kazifua mwenyewe, kazianika.

Kifaranga anamfuata Shungi uani. Ana kishungi! Nimemwita Kamwene. Germana akimwona anacheka peke yake.

Jumanne, 12 Julai

Nimefikiri sana. Si hewa. Hajira ni mtu wa Tanga, baridi ataijulia wapi? Ushahidi uko wazi: tundu moja lilibaki wazi, baridi ikapita hapo, ikaua kumi. Kamwene, shujaa wangu, alikuwa amekwenda kuliziba kwa mwili wake. Kosa ni la Festo na matundu yake. Nimemsamehe. Kumwambia sijamwambia.

Kamwene ni tetea, nina hakika. Akikua atataga, na safari hii sibahatishi. Leo nimetoa kanga zote kwenye sanduku la mama. Bado linanukia sabuni yake. Nimelifunga, nikalizungushia mkono pande zote, taratibu, kama mtu anayempapasa mama yake.

Bati zuri la zamani. Halina tundu hata moja.