Kisiwa cha Mbula

Jumapili, 24 Machi 1957
Leo mimi ndiye Mwafrika wa kwanza kumiliki kisiwa! Sawa, nimedanganya. Ni kichuguu cha udongo katikati ya Mto Athi, juu kidogo ya maporomoko, na aliyekilima ni marehemu mke wangu, Mbula. Ukikunja suruali unavuka. Lakini Muigai, mpishi wa mzungu kule Ruiru, kaniletea gazeti lililofungiwa nyama. Picha: kisiwa cha joto, mchanga mweupe, wazungu wamelala chini ya miavuli kama mahindi yaliyoanikwa. Eti ploti huko zimepanda bei mara kumi. Na wazungu wetu kila Jumapili wanakuja kutazama maji yakianguka! Wanakaa wapi? Juu ya mawe. Aibu. Nitawatengenezea mchanga wao hapa, niwauzie ploti.

Jumatatu, 25 Machi
Kikwazo: nduma, yale magimbi ya majani makubwa. Mbula alizipanda kisiwa kizima. Kalondu, mjane wa mwanangu, analisha watoto wanne kwazo. Kwa adabu yetu Wakamba, haongei na baba mkwe ana kwa ana. Akiwa na neno humwambia kuku, nami nisikie. Leo kuku kaelezwa kwamba hakuna chakula kingine mpaka mahindi yakomae, na kwamba marehemu Mama alisema mizizi ile ndiyo inashika udongo. Maneno mazuri. Lakini aliyeambiwa ni kuku.

Alhamisi, 28 Machi
Nimeng'oa zote. Aii, mgongo! Nimemwaga mchanga madebe arobaini. Nimesimika migomba minne iwe minazi. Muigai amewekeza mwavuli wa memsahib, mke wa mzungu wake, vijiti vyake viwili vimevunjika, akachagua ploti upande wa kivuli. Anataka hati. Nimemwandikia, nilifika darasa la tatu. Kalondu ameokota miche niliyotupa, kikapu kizima. Kuku kaambiwa mawingu yamekaa vibaya upande wa Kilimambogo.

Jumapili, 31 Machi
Mgeni! Bibi mzungu, mzee, na kitabu cha kuchorea. Nikamwonyesha mwavuli. Akauliza majani makubwa yamekwenda wapi. Kumbe mwaka jana aliyachora, na mama mmoja akiyapalilia. Amerudi kumalizia uso wa huyo mama. Akanifungulia kitabu. Mbula, ameinama. Shingo ile ile. Uso, karatasi tupu. Nikasema mama huyo hayupo tena. Akasema pole, akafunga kitabu, akaenda. Sikuomba hata kutazama mara ya pili. Mjinga mimi.

Jumanne, 2 Aprili
Mvua usiku kucha. Asubuhi, hakuna kisiwa. Mto mwekundu unapita kama hakujawahi kuwa na kitu. Muigai kaja na hati yake, kasimama ukingoni, kauliza ploti yake iko upande gani. Nikanyoosha kidole: maporomoko. Akaniita mzee bure. Kalondu naye alikuja, akatazama maji, kuku yuko miguuni pake. Hakumwambia kitu. Afadhali angemwambia.

Jumatano, 3 Aprili
Kalondu amepanda ile miche kando ya kijito, nyuma ya nyumba. Safu nne. Nimekaa hapo mchana kutwa, najaribu kuukumbuka ule uso vizuri. Kisha nikaona: mahali penyewe pazuri! Kivuli kipo, maji yapo. Ukitoa safu mbili tu, benchi linaingia. Yule bibi akirudi na kitabu, atapata pa kukaa. Nimesubiri mpaka jua linazama. Kuku hajaambiwa kitu, basi hakuna pingamizi. Kesho nitamwambia: Muigai, mwaka jana nilikubebea mlango kichwani kutoka Thika mpaka Ruiru, na wema huo hujaulipa. Niazime beleshi. Asubuhi moja tu.