Mzee Anselmo, Tajiri wa Zabibu

Jumatatu, 12 Agosti 2019
Nimejaza fomu ya msaada wa ada ya chuo. Dakika kumi na moja! Wengine bado wanatafuna kalamu. Ila Rosalba, jirani yetu na mwanafunzi mwenzangu, ana kibarua ofisi ya misaada na alikuwa anachungulia begani kwangu. Nikafika kwenye mapato ya baba, Mzee Anselmo. Niandike mshahara wa mchuma zabibu mbele ya Rosalba? Mimi, Teyo Barragán? Nikaongeza sifuri. Moja tu. Rosalba akaniuliza kama mzee kanunua mji wa Fresno. Nikamwambia afanye kazi yake.

Jumanne, 13 Agosti
Majibu yametoka. Sistahili hata senti! Eti familia yangu inajiweza. Ijumaa saa sita mchana, kama sijalipa, nafasi yangu darasa la kuchomelea vyuma anapewa mwingine. Hapana. Kuchomelea nimezaliwa nako. Lango la kanisa nililiunga mwenyewe, na mpaka leo linakaribia kufungika.

Jumatano, 14 Agosti
Mbinu ya leo: kuonekana fukara. Sikuoga. Nikavaa shati la shambani la baba, lenye matundu saba, nikaingia ofisini nikichechemea. Mkuu wa ofisi, Bi. Arredondo, akauliza kwa upole kama nimegongwa na gari. Kabla sijalia, Rosalba akapaza sauti: eti Teyo, rudisha shati la watu, Mzee Anselmo kalitafuta mpaka kaenda kuchuma na la kanisani! Ofisi nzima ikacheka. Bi. Arredondo akasema wao hawapimi matundu. Wanataka karatasi za kodi za baba, na baba mwenyewe aje kusahihisha na kutia saini. Wivu mtupu.

Alhamisi, 15 Agosti
Nimemwambia baba. Akaitazama ile namba muda mrefu. Akauliza, kama yeye ni tajiri hivyo, mbona gari lake halina mlango? Mama akacheka mpaka akaketi. Halafu baba akanuna. Akasema hawezi kwenda kutembeza umaskini wake mbele ya watu wenye viyoyozi. Nikamwambia basi mwanao ataishia kwenye mizabibu. Akaanza kung'arisha viatu.

Ijumaa, 16 Agosti
Baba kapoteza kibarua cha nusu siku, tena msimu wenyewe huu. Kofia mpya, viatu vinang'aa. Akaweka karatasi mezani kama mtu anayeweka karata ya ushindi. Bi. Arredondo akasoma, akauliza watu sita wanaishije kwa pesa hizi. Baba akasema: vizuri, mama, na wote wamesoma. Bi. Arredondo akasimama akampa mkono. Rosalba akajifanya anapanga faili! Jicho langu likaingiwa na vumbi. Saa tano na nusu, nimekubaliwa! Baba akasahihisha sifuri, mimi nikasimamia.
Bi. Arredondo akanionya mara mbili: madarasa manne mpaka mwisho wa muhula, ukiacha moja tu msaada unapungua, na ulichokwisha kutumia utadaiwa. Baba akaniuliza kama nimesikia. Nimesikia, baba, mimi si kiziwi.

Jumatatu, 19 Agosti
Madarasa yameanza. Kuchomelea: mwalimu kaniambia nisiguse kitu, maana kaona kipaji. Hesabu: saa mbili asubuhi, na Rosalba ananyoosha mkono kila swali. Saa nne nikawa nimeliacha hilo darasa. Muda sina. Mtaa mzima unanihitaji! Nimeweka meza nje ya duka la mikate na ubao niliouandika mwenyewe: TEYO BARRAGÁN, MTAALAMU WA MISAADA YA CHUO. Wateja watatu tayari. Wa kwanza nimemwambia asihangaike na masharti, yale ni mapambo.
Jioni baba akapita na wenzake kutoka shambani. Akavua kofia, akawaambia: huyo ni mwanangu, yuko chuo, madarasa manne.
Sijamsahihisha. Mzee apewe raha yake.